Mfuko wa Bure Hulipiwa na Nani?

Kitendawili!

Tega!

Alitoka nami sokoni bila nauli, akalala mtaroni bila shuka, na mpaka leo hajazeeka.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Muyinga? Nimeupokea, tena umenifaa, maana hadithi ya leo inapita hukohuko. Jibu ni mfuko wa plastiki, ule ambao sokoni Gitega watu wanauita sashe.

Sogeeni basi, wajukuu zangu. Mtaa wetu wote wa Musinzira, hapa Gitega, unaujua mfuko huu, mkubwa kwa mdogo, lakini wachache wanajua ulikotoka na unakokwenda. Nitawapitisha safari yake yote, na njiani nitawauliza swali moja tu: kitu kikiitwa cha bure, ni nani anayekilipia?

Ulikozaliwa

Mwaka 1933, katika mji wa Northwich nchini Uingereza, wanakemia wawili, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wanabana gesi kwa nguvu kubwa mno ndani ya chombo cha chuma. Hawakuwa na haja ya mfuko wala kikapu, walitaka tu kuona gesi zikibanwa hivyo zinafanya nini. Walipofungua chombo, wakakuta kitu cheupe chenye utelezi wa nta. Hiyo ndiyo polithini.

Gesi yake hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini au gesi asilia. Chembe zake ni ndogo kupita macho yote, na zikibanwa hushikana moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, kama shanga katika uzi mrefu usio na fundo. Jani la mgomba likianguka shambani, vijidudu vya udongoni hulila likawa mbolea. Lakini uzi huu wa polithini ni mgumu kwao, hawajui hata waanzie wapi kuutafuna. Jua huukausha, ukapukutika ukawa vipande vidogo, na vipande vile vikawa vidogo zaidi, lakini plastiki inabaki plastiki.

Miaka ikapita. Huko Uswidi kulikuwa na mhandisi mmoja, Sten Gustaf Thulin, akifanya kazi katika kampuni ya Celloplast. Yeye ndiye aliyebuni mfuko wenye mikono miwili uliokatwa katika kipande kimoja, mwepesi lakini wenye uwezo wa kubeba mzigo mzito, na mwaka 1965 kampuni yake ikapata hataza ya ubunifu huo nchini Marekani. Sikilizeni hapa vizuri. Mwanawe alikuja kueleza baadaye kwamba baba yake alitaka watu wautumie mfuko ule tena na tena, na kwamba mwenyewe alitembea na mmoja umekunjwa mfukoni. Aliyeubuni hakuutupa. Mazoea ya kutupa tumeyaleta sisi, na kwa sababu tumeyaleta sisi, sisi tunaweza kuyaondoa.

Ulivyofika Musinzira

Burundi haina bahari. Bidhaa nyingi tunazonunua hushushwa melini katika bandari ya Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye malori, zikapita Ngara, zikavuka mpaka wa Kabanga na Kobero, zikaingia Muyinga. Kwa njia kama hizo mifuko ya plastiki nayo iliingia nchini miaka mingi, imebanwa katika pakiti, myepesi hata lori halihisi uzito wake.

Kutoka huko ikasambaa hadi kwenye masoko ya Gitega. Mtoto wa Musinzira akitumwa nyanya, chumvi na ndagala, kila muuzaji alimpa mfuko wake, na wa mwisho akamwongezea wa nne wa kubebea ile mitatu. Akifika nyumbani, mama yake akamimina nyanya kwenye karai, chumvi kwenye kopo, ndagala kwenye sufuria. Mifuko minne ikabaki mikononi mwa mtoto. Kazi yake imekwisha, nayo ilidumu kwa muda wa kutoka sokoni hadi jikoni. Akaitupa nje, upepo ukaichukua.

Sasa nijibuni. Je, mifuko ile minne ilikuwa ya bure?

Muuzaji wa nyanya aliinunua kwa pakiti. Fedha hiyo ama aliitoa kwenye faida yake ndogo, ama aliiongeza juu ya bei ya nyanya bila kumwambia mtu. Kwa hiyo mnunuzi alilipa, au muuzaji alilipa. Na huo ni mwanzo tu, maana malipo makubwa huja mfuko ukishatupwa.

Wanaolipa bila kuulizwa

Wa kwanza ni jirani anayekaa chini ya mteremko. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na mvua ya masika haibembelezi. Maji hushuka kwa kasi, yakifuata mtaro. Mfuko mmoja hunasa kwenye jiwe, wa pili hunasa kwenye wa kwanza, majani na matope vikajazia, na mtaro ukaziba. Maji hayasubiri. Yanapanda, yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni mlango wa mtu ambaye huenda siku hiyo hakwenda hata sokoni.

Wa pili ni mtoto mgonjwa wa malaria. Mama mmoja wa Kenya, Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliwaonya watu wake kwamba mfuko uliotupwa hukusanya maji ya mvua na kuwa mahali pa mbu kutaga. Siku moja baada ya mvua, chungulieni ndani ya mfuko uliokaa wazi kichakani. Msiuguse, tazameni tu. Mkikuta vidudu vyembamba vikijinyonganyonga na kupanda juu kuvuta hewa, hao ni viluwiluwi. Baada ya wiki moja au mbili wanakuwa mbu wenye mabawa, na nyumba ya karibu ndiyo watakayoingia kwanza.

Wa tatu ni ng'ombe. Mfuko uliobeba chumvi au mabaki ya chakula una harufu inayomvutia. Anaulamba, anaumeza. Unaingia katika tumbo lake la kwanza, lile linalohifadhi majani kabla hajacheua, na hapo hauyeyuki wala hautoki. Unajikunja na mwingine, ikawa donge. Ng'ombe anahisi ameshiba kumbe ana njaa, anakonda mbele ya majani mabichi, na mwenye ng'ombe anahangaika na dawa asijue ugonjwa. Katika machinjio ya Nairobi, kabla Kenya haijakataza mifuko hii, kuna ng'ombe waliokutwa na mifuko 20 tumboni. Nyinyi mnajua ng'ombe ana maana gani kwa Mrundi. Ni maziwa, ni samadi ya migomba, ni mahari, ni heshima ya nyumba.

Wa nne ni mkulima. Anapiga jembe, jembe linaibuka na sashe la msimu uliopita. Pale lilipokuwa limelala, maji ya mvua hayakuzama vizuri na mzizi wa haragwe ulilazimika kuzunguka. Mashamba yetu ni madogo na midomo ni mingi, hatuna ardhi ya kugawia takataka.

Mto hausahau

Mifuko mingine haibaki mjini. Inashuka na maji hadi mabondeni, ikaingia vijito, na vijito vikaingia mtoni. Kwetu Gitega maji huelekea Ruvyironza na Ruvubu. Ruvyironza humwaga maji yake katika Ruvubu, na Ruvubu hupinda kuelekea kaskazini-mashariki, upande wa Muyinga, ukipita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, ambako kuna viboko, mamba na nyati.

Mmeona ajabu hiyo? Mfuko ulioingia nchini kwa barabara ya Muyinga, ukatumika dakika chache Musinzira, unaweza kurudi upande wa Muyinga kwa njia ya maji, safari hii ukiwa takataka.

Hauishii hapo. Ruvubu huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, pale Rwanda na Tanzania zinapokutana. Kagera humwaga maji Ziwa Victoria, na kutoka ziwani hutoka Nile, unaopita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri mpaka Bahari ya Mediterania. Kule Rutovu, kusini mwa nchi yetu, kuna piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 kuonyesha chanzo cha Nile cha kusini kabisa, na maji ya chanzo kile hupitia Ruvyironza. Sisi tuko juu, wenzetu wako chini. Anayekaa juu ya mto ana deni kwa kila anayekunywa chini yake, na deni hilo halina mpaka wala forodha.

Walioweka bei

Basi watu wa nchi mbalimbali wakajiuliza: tufanyeje ili bei hii iliyofichwa ionekane pale pale dukani, kabla mfuko haujatupwa?

Nchi ya Ayalandi, huko Ulaya, ilichagua kumtoza mnunuzi. Kuanzia tarehe 4 Machi 2002, kila aliyetaka mfuko wa plastiki dukani alilipa senti 15 za yuro, na fedha hizo zikaenda katika mfuko wa taifa wa kutunza mazingira. Kabla ya tozo, ilikadiriwa kwamba kila mtu alitumia mifuko 328 kwa mwaka. Baada ya tozo, ikashuka hadi 21. Chukueni kalamu mpige hesabu: familia ya watu sita ilikuwa inatumia mifuko 1,968 kwa mwaka, ikabaki na 126.

Senti 15 haikuwafilisi Waayalandi. Kilichofanya kazi ni swali. Zamani muuzaji alitia bidhaa ndani ya mfuko bila kuuliza. Sasa ikabidi aulize, "Unataka mfuko?" na mnunuzi ikabidi afikiri. Wengi walipofikiri waligundua hawauhitaji, kwa sababu kikapu kipo nyumbani. Uingereza yenyewe, ambako polithini ilizaliwa, ilifuata njia hiyo. England, iliyo ndani yake, ilianza kutoza peni 5 katika maduka makubwa mwezi Oktoba 2015, na mwaka 2021 ikapandisha hadi peni 10.

Nchi nyingine ziliona bei haitoshi, zikapiga marufuku. Bangladesh ilikataza mifuko myembamba mwaka 2002, baada ya kuona inavyoziba mitaro wakati wa mafuriko makubwa. Zanzibar ilikataza mwaka 2006. Jirani zetu wa Rwanda walitunga sheria mwaka 2008, na mpaka leo msafiri anayeingia Kigali na mfuko wa plastiki huambiwa auache. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Na sisi? Tarehe 8 Agosti 2018 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayokataza kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki Burundi. Wafanyabiashara wakapewa miezi 18 ya kumaliza shehena yao na kutafuta njia nyingine. Miezi hiyo ilipokwisha, Februari 2020, katazo likaanza kazi. Plastiki za hospitali na za kufungia dawa ziliachwa nje ya katazo, na ni haki, kwa sababu huko zinaokoa maisha.

Kwa nini hatukutoza tu?

Najua kuna mmoja wenu anataka kuuliza: "Bibi, kama Waayalandi walifanikiwa kwa senti 15, kwa nini sisi tulikataza moja kwa moja?"

Umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Tozo inataka kaunta, mashine ya risiti, na mtu wa kuhesabu mifuko mingapi imetoka na fedha ngapi zimeingia. Duka kubwa la Dublin, huko Ayalandi, linavyo vyote hivyo. Sasa nenda sokoni kwetu. Mama amekaa kwenye mkeka, mbele yake mafungu ya nyanya na bilinganya, fedha ameifunga kwenye pindo la kanga. Nani atapita kwa kila mkeka kukusanya faranga za kila mfuko? Kwa soko kama letu, ni rahisi zaidi kuusimamisha mfuko mpakani na ghalani kuliko kuufuatilia ukishagawanyika katika maelfu ya mikono. Hiyo ndiyo maana ya katazo kama ninavyoliona mimi.

Lakini katazo nalo lina udhaifu wake. Mfuko ni mwepesi, hukunjwa ukafichwa chini ya magunia, na mipaka yetu ina njia nyingi za miguu. Pia katazo halifagii mtaro. Mifuko iliyokuwa imezikwa udongoni kabla ya 2020 bado imo humo, na ndiyo inayoibuka kila tunapotoka Jumamosi asubuhi kwa kazi za jamii. Amri huandikwa na mkubwa, lakini utii wake huishi kwa mnunuzi. Asiyepokea mfuko ndiye anayemfanya muuzaji aache kuuleta.

Na tusiwe wepesi wa kumlaumu mama wa mkekani. Yeye anauza unga kwa kikombe na mafuta kwa kipimo kidogo, kwa sababu wateja wake hawana fedha ya gunia wala ya dumu. Mfuko ule ulikuwa unamsaidia. Ukimnyang'anya bila kumpa njia nyingine, umemwongezea mzigo mtu ambaye tayari amebeba mzito. Kwa hiyo njia nyingine lazima iwepo, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni sisi wateja kuja na vyombo vyetu: chupa ya mafuta, kopo la chumvi, bakuli lenye kifuniko la ndagala.

Kikapu hakijapitwa na wakati

Siku hizi sokoni mnauziwa mifuko ya rangi rangi yenye umbo la kitambaa. Hiyo mnalipia, basi tozo imetufikia kwa mlango wa nyuma. Lakini jueni kwamba mingi kati ya hiyo nayo ni plastiki ya aina nyingine, na ikitupwa ovyo itaziba mtaro vilevile. Faida yake inakuja ukiitumia mara nyingi. Mwaka 2011 wataalamu wa serikali nchini Uingereza walipiga hesabu ya hewa chafu inayotoka wakati wa kutengeneza kila aina ya mfuko. Wakaona mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo uushinde mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja. Msikate tamaa kwa hesabu hiyo. Inatuambia jambo jepesi: mfuko bora ni ule ulio nao tayari, na unaendelea kuutumia.

Sisi tuna cha kutumia. Wazee wetu walisuka vikapu kwa nyasi na mafunjo ya mabondeni, vya kubebea maharage, vya kuwekea unga, vya kupelekea zawadi kwa wakwe. Nendeni Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, mkavitazame vilivyohifadhiwa. Kisha rudini sokoni mkawatazame wanawake ambao bado wanasuka. Kikapu kikichakaa kabisa, kitupeni shambani, kitaoza kiwe mbolea. Na fedha ya kikapu inabaki kwa msukaji wa hapa hapa, haivuki mpaka.

Kazi ninayowapa

Wajukuu zangu, hadithi bila kazi ni upepo, kwa hiyo nawapa kazi nne.

Kabla hujaulizia orodha ya vitu unavyotumwa, ulizia kikapu. Kitundike karibu na mlango ili usikisahau.

Muuzaji akinyoosha mkono na sashe, mwambie kwa adabu, "Asante mama, nimekuja na chombo." Usiseme kwa kiburi wala usimfundishe mbele za watu. Mtu mzima hujifunza vizuri zaidi kwa kuona.

Mfuko wa zamani mlio nao nyumbani msiuchome jikoni. Moshi wa plastiki una sumu, nao huingia vifuani mwenu kabla haujatoka dirishani. Uosheni, mkaushe, muutumie mpaka uchoke, kisha upelekwe pamoja na takataka zinazokusanywa.

Na Jumamosi ya kazi za jamii, ombeni kazi ya mtaro. Mkishamaliza, hesabuni mifuko mliyoitoa, mwandike idadi ukutani darasani, na mwezi ujao mhesabu tena. Idadi ikishuka, mtajua katazo linaishi Musinzira. Isiposhuka, pelekeni hesabu yenu kwa mwalimu na kwa mkuu wa mtaa, maana mtoto mwenye hesabu mkononi husikilizwa.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Mtaro wetu ulijazwa kwa haba na haba, mfuko mmoja kwa kila mtoto aliyetumwa sokoni, na kwa njia hiyohiyo utakuwa safi. Mfuko ule haukuwa wa bure hata siku moja. Bei yake waliilipa jirani, mgonjwa, ng'ombe, mkulima na watu wa chini ya mto, bila kuulizwa kama wanataka. Haki ni kwamba anayetumia ndiye alipe, na njia nafuu kuliko zote ya kulipa ni kubeba kikapu chako mwenyewe.